Jani la Ufuta Nililolifungia Mlango

Wolmyeong-dong 27,
Gunsan,
Korea Kusini.
14 Oktoba 2024

Mpendwa Mama Mdogo Myeonghui,

Mgongo wako unaendeleaje? Bado unakaa kwenye cherehani mpaka unainuka umepinda? Mama ameniagiza niulize hilo kabla ya neno lingine lolote, na alinisimamia hapa mezani mpaka nikaliandika. Baada ya hapo ndipo nawasalimu wote hapo São Paulo, wewe, Baba Mdogo na watoto, nikiomba barua hii iwakute wazima.

Sisi hatujambo. Asubuhi baridi imeanza kuuma. Kifundo cha mkono wa Mama kinamsumbua siku za mvua, lakini anakula vizuri na analala vizuri, ila tangu juzi hana sauti kabisa. Usishtuke. Sauti ameipoteza kwa furaha, na ndiyo sababu barua hii itakuwa ndefu.

Kwenye kifurushi utakuta mwani mkavu, dagaa, na unga wa pilipili wa mwaka huu. Unga ni mkali kuliko wa mwaka jana, kwa hiyo weka nusu kwanza uonje.

Sasa habari yenyewe. Nimeibeba zaidi ya wiki mbili na nashindwa kukaa nayo. Mwezi uliopita nilimfukuza mama yangu mzazi. Nyumbani hapana. Nilimfukuza kwenye jukwaa la mashabiki mtandaoni, ambamo sikujua kama yumo, naye hakujua kama mimi ni msimamizi.

Ngoja nianze vizuri, maana uliondoka hapa kabla maneno haya hayajazaliwa. Kuna kundi la vijana watano wa kuimba na kucheza, linaitwa Narubit. Mashabiki wa makundi kama haya tuna lugha yetu. Mtu aliyezama kabisa tunamwita deokhu. Siku unayoanza kumpenda msanii tunasema umegongwa na gari, kwa kuwa hakuna anayepanga kugongwa, unavuka barabara tu ukiwaza mambo yako. Picha mpya ni chambo, na sisi ndio samaki. Anayesoma kila kitu bila kuandika neno tunasema anakula kwa macho. Kiti kitupu kwenye ukurasa wa tiketi ni zabibu, kwa ile rangi yake ya zambarau, na zabibu elfu kumi huchumwa zikaisha kabla hujameza mate. Anayebaki nyumbani kutazama televisheni tunampongeza kwa kupata mstari wa kwanza wa chumbani.

Na yupo anayeficha yote hayo. Anakwenda kazini na uso wa mtu asiyempenda yeyote, wenzake wakitaja wasanii anauliza, ndio akina nani hao? Huyo tunamwita ilko, mtu aliyevaa vazi la mtu wa kawaida.

Mimi nimekuwa ilko miaka minane. Nilikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari Mama alipokusanya albamu zangu zote na kadi zangu za picha, akampa mzee wa toroli anayekusanya karatasi kuukuu, miezi mitano kabla ya mtihani wa kuingia chuo kikuu. Sikulia. Nilimwambia amefanya vizuri, nikafaulu mtihani, na jioni ya matokeo nikafungua akaunti mpya kwa jina lingine. Tangu hapo sikuwahi kutamka jina la Narubit ndani ya nyumba hii.

Unajua kazi yangu, nasahihisha vitabu vya shule. Siku nzima nashinda na sentensi ambazo hakuna aliyezipenda. Pengine ndiyo sababu naipenda sana lugha ya jukwaani. Haikuombewa ruhusa popote. Watu walizidiwa na furaha, maneno yaliyopo hayakuwatosha, wakatengeneza mengine.

Jukwaani nilipanda daraja mpaka miaka minne iliyopita nikawa Msimamizi wa Tatu. Tuko wasimamizi watano na tunajuana kwa namba tu. Kanuni yetu kubwa kuliko zote ni hii, Mama Mdogo, na najua itakushangaza: ni marufuku kuzoeana. Hakuna dada, hakuna mwanangu, hakuna kuulizana umri wala mji. Kila mtu anamwita mwenzake "mwenzangu" basi. Jukwaa lililotutangulia lilivunjika kwa sababu watu kumi walizoeana sana, wakaanza kupongezana wao kwa wao, wageni wakajiona wameingia kwenye harusi ya watu wasiowajua. Vita ikazuka, wakatawanyika. Kwa hiyo sisi tunabaki wageni kwa makusudi ili mlango ubaki wazi kwa wote.

Niliilinda kanuni hiyo kuliko mtu yeyote. Nilijiambia ni kwa ajili ya jukwaa. Sasa nadhani ilinifaa pia kukaa mahali ambapo naruhusiwa kupenda bila mtu kuniuliza mimi ni nani.

Mwezi wa Julai akaingia mwanachama mpya aliyejiita Jani la Ufuta. Tukajua mara moja ni deokhu aliyechelewa, mtu mzima, maana aliweka nukta mwishoni mwa kila sentensi. Binti mmoja aliandika kwamba analia kabla ya mtihani, na Jani la Ufuta akamjibu: "Binti yangu, umekula? Mtu hawezi kulia vizuri akiwa na njaa." Nikampa onyo la kwanza. Mwingine akataja kwamba amepasuliwa goti. Jani la Ufuta akaandika: "Usipande ngazi. Uko mji gani? Nina uji wa malenge." Onyo la pili.

Mwishoni mwa Septemba, Alhamisi saa tano asubuhi, Jani la Ufuta akaandika namba yake ya simu, yote kasoro tarakimu mbili, na chini yake: "Yeyote anayekula peke yake leo anipigie, hizo mbili nitamwambia akiniuliza vizuri." Namba ya simu ni kosa kubwa. Nilikuwa chumbani kwangu nasahihisha ukurasa wa mzunguko wa maji. Nikaacha sentensi katikati, nikabonyeza, nikamtoa, nikarudi kwenye mawingu. Haikuchukua dakika moja.

Nakumbuka nikiwa bado nimeinamia karatasi nilisikia jikoni kisu kinasimama. Mama alikuwa anakata figili. Kikasimama, na hakikuendelea tena.

Mchana aliandaa wali na mboga zote, akasahau vijiko. Tulikaa tukitazamana na bakuli.

"Darin," akasema, "wewe unayejua maneno. Mtu akitolewa kwa nguvu mahali fulani kwenye simu, anaweza kubisha hodi tena?"

"Mahali gani, Mama?"

"Mahali tu."

"Ulifanya nini huko?"

"Niliwauliza kama wamekula."

Niliinuka kutafuta vijiko ili asinione uso.

Ulikuwepo kwenye simu Baba alipofariki, lakini miezi iliyofuata hukuiona. Tangu afunge kibanda chake cha mboga sokoni kwa sababu ya mkono, Mama alikuwa amebaki bila mtu wa kumuuliza kitu. Pale sokoni alikuwa anawauliza watu mia kwa siku kama wamekula. Nyumbani alikuwa na mimi tu, na mimi huwa najibu "ndiyo" kabla swali halijaisha. Kumbe alikuwa amepata watu mia wengine, na aliyemfungia mlango ni mimi.

Tena kulikuwa na orodha. Kituo cha televisheni kilikuwa kinarekodi kipindi cha muziki Jeonju tarehe kumi na mbili Oktoba, na jukwaa letu lilipewa nafasi sitini za kuingia. Jani la Ufuta alikuwa wa arobaini na moja. Nilipomtoa, jina lake likafutika lenyewe na wa sitini na moja akapanda. Orodha ilikuwa inafungwa Jumapili saa sita mchana. Mimi nilikuwa wa kumi na mbili.

Sikumwambia siku hiyo, wala Ijumaa. Nataka ulijue hilo. Nilimwona anaweka simu kwenye droo ya mchele kama chombo kilichoharibika, na bado nikanyamaza, maana kumwambia nilichokifanya ni kumwambia na miaka minane yote.

Jumamosi asubuhi alikuwa anamenya vitunguu saumu. Nikakaa mbele yake, nikachukua kimoja.

"Mama, Jani la Ufuta ni wewe."

Mikono yake ikatulia. "Nani kakuambia?"

"Mimi ndiye Msimamizi wa Tatu."

Akaweka kisu chini polepole.

"Wewe ndiye uliyeniandikia 'Mtumiaji, zingatia kanuni'?"

"Ndiyo."

"Mtumiaji. Nimekubeba tumboni miezi tisa, leo mimi ni mtumiaji." Akachukua kitunguu kingine. "Na lile onyo la pili, uliliandika usiku ule nilipokuletea matufaha yaliyomenywa?"

"Nadhani ndiyo."

"Ukayala?"

"Niliyala."

"Mtoto hana haya huyu," akasema, na nikaona mdomo wake unapinda, lakini sikujua bado ni kicheko au ni nini. Akaendelea kumenya. "Kwa hiyo ulikuwa humo muda wote?"

"Miaka minane."

"Mimi nilidhani nilikuponya."

"Hukuniponya, Mama."

Akavuta pumzi. "Zile albamu nilimpa mzee wa toroli. Nilizitoa kweli. Sina cha kukurudishia."

"Najua."

"Nilikuwa naogopa. Baba yako alikuwa ameshaanza kuumwa, na mtihani wako ndio ulikuwa tumaini letu lote."

"Najua, Mama."

Halafu, Mama Mdogo, akakisogeza kiti chake karibu na changu na kuuliza kwa sauti ya mtu anayetaka haki itendeke: "Sasa niambie. Huyu Dohwi wangu, kwa nini hawampi sehemu ndefu ya kuimba? Anasimama pembeni kama mpokea wageni."

Hilo ndilo lalamiko langu la miaka minane. Nilitaka kupiga meza. Kumbe mwezi wa Mei alikuwa ametazama kipindi ambamo Dohwi alipelekwa kijijini kumfanyia kazi bibi mmoja kwa wiki nzima. Alimenya vitunguu saumu vibaya sana bila kulalamika, na hapo ndipo Mama alipogongwa na gari, sebuleni kwetu, mimi nikiwa chumba cha pili na mlango umefungwa. Tulizungumza mpaka wali ukaungua. Sijawahi kuzungumza na Mama hivyo. Alikuwa anajua tarehe, anajua mitindo ya nywele, alikuwa na maoni kuhusu viatu vyao.

Nikamwambia atachukua nafasi yangu Jeonju.

"Sitaki kiti cha mtu."

"Si cha mtu, ni changu."

"Ndiyo maana sikitaki."

"Nimewaona mara kumi na moja, Mama. Wewe hata mara moja. Ukikataa, nitakiacha kitupu."

Akafikiri. Zabibu iachwe ikaoze, hilo hakuna deokhu anayeweza kulivumilia. "Basi nitapiga kelele mara mbili," akasema. "Moja yangu, moja yako."

Kanuni inaruhusu aliye kwenye orodha kumpisha mtu mwingine, hata asiye mwanachama, mradi aandike sababu hadharani na ataje uhusiano wao. Hadharani maana yake ni mbele ya watu elfu sita. Jumamosi hiyo hiyo nilikaa na ukurasa ule mtupu kuanzia saa nne mpaka saa nane mchana. Niliandika kwamba niliyemtoa ni mama yangu, kwamba kwa kanuni nilikuwa sahihi na siombi arudishwe, kwamba nampa nafasi yangu, na kwamba msimamizi asiyemtambua mama yake kwa namna anavyouliza kama umekula hafai kusimamia chochote, kwa hiyo najiuzulu.

Niliizima simu, nikaenda kufua mapazia ambayo hayakuwa machafu.

Nilipoiwasha, watu mia tatu na kitu walikuwa wameandika. Wengi walikuwa wale wa kula kwa macho, watu ambao kwa miaka minne sikujua kama wapo. Na karibu wote waliandika neno moja: "Umekula?" Ukurasa mzima, chini na chini na chini, wote wakivunja kanuni yangu.

Msimamizi wa Kwanza hakupoteza maneno. "Kutolewa kulikuwa halali, anaweza kuomba kurudi baada ya siku thelathini. Nafasi ya kumi na mbili imehamishwa. Kujiuzulu kumekataliwa." Kisha ukaja ujumbe wake kwangu peke yangu: "Mwambie Jani la Ufuta goti langu limepona."

Zilibaki wiki mbili, na wiki mbili hizo nyumba yetu haikuwa na mtu wa kawaida hata mmoja. Unajua kila wimbo una sehemu zake za kuitikia, majina yanaitwa kwa mpangilio na ukikosea unawaharibia wote. Mama alijifunza akiwa anakamua kabichi yenye chumvi. Aliwahi nusu pigo kila mara. "Wao ndio wanachelewa," akaniambia. Ilibidi niwe naugonga mfuniko wa sufuria mpaka akawa sawa. Jirani wa chini akapanda kuuliza kuna nini, na Mama, akiwa na majani ya kabichi mkononi, akamjibu bila hata kupepesa: "Tunafanya mazoezi ya kwaya."

Jumamosi tulipanda basi la kwanza kwenda Jeonju. Mama alikuwa ametengeneza wali wa kufungwa kwa mwani, mafungu arobaini. Nikamwambia kwenye foleni haruhusiwi kuzoeana na mtu. Akasema kanuni zangu ni za kwenye simu, barabara ni ya serikali. Alipopita mlangoni na namba kumi na mbili kifundoni mwa mkono, hakugeuka. Alikuwa anatembea kama msichana anayechelewa darasani.

Mimi nilibaki nje na wengine wasio na nafasi, tumekaa ukingoni mwa bustani. Nitakuambia ukweli wangu wote: wimbo wa kwanza nilimwonea wivu. Ukuta ulikuwa unatetemeka mgongoni mwangu, na nilijua kila hatua wanayopiga mle ndani. Wa pili ulipoanza, nikasikia mashabiki wanaitikia majina, na lilipofika la Dohwi nikajikuta naitikia pale nje peke yangu, kwa sauti kubwa, mchana kweupe, mbele ya watu wanaopita na mbwa wao. Halafu waliokuwa karibu nami wakaitikia lililofuata.

Mama alitoka saa tisa, nywele zimesimama, ameshikwa mkono huku na huku. Kushoto kwake alikuwa binti mwenye sare ya shule, ambaye kwenye foleni alipewa fungu la wali na swali la Mama, akamuuliza, samahani, wewe si Jani la Ufuta? Ndiye yule wa kulia kabla ya mtihani. Upande wa kulia alikuwa mwanamke mrefu anayekanyaga kwa tahadhari.

Mama akafungua mdomo, sauti haikutoka. Akanielekeza kidole na kunong'ona kwa nguvu: "Huyu ndiye Msimamizi wa Tatu. Ni mwanangu."

Yule binti akarudi nyuma ya bega la Mama. "Yule wa maonyo?"

"Usimwogope," Mama akanong'ona. "Nyumbani hata kufungua mtungi wa kabichi za kimchi hawezi."

Mwanamke mrefu hakucheka. Alinitazama kama mtu anayesoma mwandiko anaoujua mahali asipoutarajia. "Miaka minne tumefanya kazi pamoja kila siku," akasema. "Mimi naitwa Ok Seryeong. Wewe unaitwa nani?"

Watu walikuwa wanatoka mlangoni kwa mamia na taa zao za mkononi bado zinawaka, na wote watatu walikuwa wananisubiri.

"Pyo Darin," nikasema.

Huko jukwaani sijawahi kuandika jina hilo. Nililitamka kwa sauti ndogo, ikabidi nilirudie.

Basi, Mama Mdogo, karatasi inaisha na Mama anagonga meza kwa kijiko kunikumbusha salamu. Msalimie sana Baba Mdogo Ingyu, umwambie dagaa ni zake, asigawe. Msalimie Juwon na mkewe. Sora mwambie nimesikia kwamba na yeye huko anafunga mlango wa chumba chake akiwa na simu, na mwambie aniandikie mimi kwanza. Mama anakusalimu kwa mikono, maana sauti hana, na anasema ukipiga simu wiki hii uongee wewe tu.

Mungu akupe mgongo usiouma, wateja wasiochelewa, na furaha ya kukupotezea sauti japo mara moja mwaka huu.

Mimi binti yako, wako nikupendaye sana,

Darin